Chifu Aliyerudi Darasani: Paul Mboya na Uandishi wa Kila Siku katika Nyanza Kusini

Ni desturi ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kumtafuta mwandishi mahali ambapo tayari anatarajiwa: Mvita, Lamu, Unguja, Tanga, au katika vyumba vya mihadhara vya Nairobi na Dar es Salaam. Aghalabu hatafutwi Karachuonyo. Na hata akitafutwa huko, mtu wa kwanza kufikiriwa hawi chifu, kwa kuwa chifu wa zama za ukoloni anakumbukwa kwa kodi, kwa amri na kwa kiti cha baraza, wala si kwa kalamu. Hata hivyo ndiko alikotokea Paul Mboya, mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato, chifu wa Karachuonyo, kisha katibu wa baraza la wilaya ya Nyanza Kusini, ambaye katika muda wa miaka arobaini alitoa vitabu vitatu. Cha kwanza, Luo Kitgi gi Timbegi, kilitoka mwaka 1938 kwa Dholuo. Cha pili, Utawala na Maendeleo ya Local Government South Nyanza, 1926–1957, kilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1959, nacho kimeandikwa kwa Kiswahili. Cha tatu, Richo Ema Kelo Chira, kilichapishwa Nairobi mwaka 1978, kwa Dholuo tena. Asichanganywe na Tom Mboya, mwanasiasa wa Rusinga aliyeuawa Nairobi mwaka 1969. Jina ni moja, na ni rahisi kwa mtafutaji maktabani kupotezwa nalo.

Vitabu vitatu katika miaka arobaini si vingi. Kati ya cha kwanza na cha pili ilipita miaka 21, na kati ya cha pili na cha tatu miaka 19. Huyu hakuwa mtu wa kuishi kwa kalamu. Kilichojaza nafasi hizo ni kazi: kuamua kesi za mipaka ya mashamba, kusimamia ukusanyaji wa kodi, kuandika kumbukumbu za mikutano, kuhubiri. Hali hiyo ndiyo hali ya watu wengi wanaoandika leo katika kaunti za Homa Bay na Migori, kama ilivyo kwingineko nchini: mwalimu wa shule ya msingi mwenye madaftari matatu ya hadithi chini ya kitanda, muuguzi anayekusanya methali za mamake mkwe, mchungaji mstaafu anayeandika nasaba ya ukoo wake kwa mkono kwa sababu hana wa kumchapia. Mwenye kuandika namna hiyo huulizwa na jamaa zake kazi hiyo itamletea nini, na mara nyingi hana jibu. Akifa, madaftari hugawanywa pamoja na vyombo vingine, au huwashiwa moto wa jikoni. Kwa hiyo swali ambalo maisha ya Paul Mboya yanalizusha si dogo. Je, shughuli za kila siku huiua kazi ya ubunifu, au ndizo zinazoilisha? Ukivipanga vitabu vyake kwa miaka, jibu lake linaonekana bila yeye kulisema: kila kimoja kimetoka ndani ya kazi au imani aliyokuwa nayo. Chifu aliandika juu ya mila alizoletewa barazani. Katibu aliandika juu ya baraza lenyewe. Mchungaji, katika uzee wake, aliandika juu ya dhambi.

Kusoma na kuandika kulifika Karachuonyo kwa njia ambayo inafaa kukumbukwa. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha misheni ya Waadventista huko Gendia, karibu na Kendu Bay, akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, nchi ambayo sasa ni Malawi. Watu husimulia habari za Carscallen na kumsahau Nyambo. Na bado Nyambo ndiye aliyewaonyesha vijana wa pwani hiyo ya ziwa kwamba Mwafrika anaweza kusimama upande wa pili wa kitabu, upande wa mwenye kufundisha. Mwaka 1914 huyo huyo Nyambo alijihusisha na ombi lililopelekwa kwa mfalme wa Uingereza kulalamikia utawala wa Nyasaland na Rhodesia. Carscallen naye alitunga sarufi ya Dholuo na kuleta mtambo wa kupiga chapa hapo hapo Gendia. Ni maeneo machache ya bara ambako herufi na mtambo wa kuzichapa vilifika karibu kwa pamoja kiasi hicho. Baadaye shule ya Kamagambo, karibu na Rongo katika Migori ya leo, ikawa kituo cha kuwaandaa walimu wa kanisa hilo hilo. Kizazi cha Paul Mboya kilikulia katika mazingira ambamo kitabu hakikuwa muujiza kutoka ng'ambo tu. Kilikuwa pia kitu kinachotengenezwa nyuma ya kanisa, wino ukinuka.

Lakini kulikuwa na shule nyingine kabla ya hiyo. Mbele ya zizi, mwenye boma alikuwa na duol, kibanda cha wanaume, ambamo moto uliwaka jioni, chakula kililetwa kutoka nyumba za wake zake wote, na wavulana walijifunza kwa kusikiliza kesi, nasaba na masimulizi ya vita. Upande wa pili kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee aliyeitwa pim. Humo wasichana walilala, na watoto wadogo pamoja nao; humo waliambiwa hadithi na vitendawili, na humo walifunzwa mambo ambayo wazazi wao wenyewe wasingeweza kuyatamka mbele yao. Pim aghalabu hakuwa mzaliwa wa boma hilo. Alikuwa ameolewa humo miaka mingi nyuma, akitoka kwingine, na alichokisimulia kilikuwa kimevuka mipaka ya koo pamoja naye. Ukitaka kujua kwa nini ngano za Karachuonyo zinafanana na zile za Asembo au za Kadem, huyu bibi ndiye sababu mojawapo.

Si ajabu basi kwamba visa viwili vikuu vya ufuko huo vinamhusu bibi kizee anayedharauliwa. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi lililomo katika shimo la volkeno. Inasimuliwa kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu wakiwa katika karamu, bibi mchovu alipita akiomba makazi, akafukuzwa nyumba baada ya nyumba, hadi mwanamke mmoja akamkaribisha na kumwotesha moto. Bibi alimwambia mwenyeji wake aondoke upesi, mvua ikanyesha, na kijiji chote kikazama. Kule Gwassi, upande mwingine wa Homa Bay, inasimuliwa habari ya Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini aliyevua bibi mwenye jicho moja badala ya samaki. Bibi huyo alimtajirisha kwa ng'ombe wasiohesabika. Siku alipomtukana akiwa amelewa, alitoka bomani akarudi majini, na mifugo yote ikamfuata. Wachambuzi wameviita visa hivi mafunzo juu ya ukarimu na shukrani, na hawakukosea. Hata hivyo katika visa vyote viwili bibi anaondoka na kitu zaidi ya mali. Ndiye aliyejua kitakachotokea, na hakuna aliyemwuliza.

Hapo ndipo penye ugumu wa Luo Kitgi gi Timbegi. Jina lake linaweza kufasiriwa kuwa Waluo: Mila Zao na Matendo Yao. Kwenye jalada limo jina la mwanamume mmoja, tena mwenye mamlaka ya serikali. Mengi ya yale yaliyomo katika mila za ndoa, uzazi na malezi yalikuwa elimu ya siwindhe, na siwindhe haikuwa na jalada. Mhakiki anayekataa kuliona hilo atakisoma kitabu kana kwamba mila zilijiandika zenyewe. Lakini mhakiki anayeliona hilo tu, na kuishia hapo kwa kumshutumu chifu, atakosa jambo jingine lenye uzito. Ili kuandika kitabu cha aina hiyo, mtu aliyezaliwa humo humo hana budi kugundua kwamba hajui. Anajua jinsi boma linavyoanzishwa kwa sababu ameona likianzishwa; hajui kwa nini mwana wa kwanza atangulie na shoka, na jogoo abebwe, mpaka aulize. Na chifu amezoea kuuliza kwa namna moja. Swali la barazani linatafuta nani ana haki na nani hana. Likishajibiwa, kesi imekwisha na watu wanatawanyika. Swali la mwandishi halimtafuti mshindi. Linamwacha mzee aseme anachokijua kwa mpango wake mwenyewe, arudie, apingane na jirani yake, na mwandishi abaki na majibu mawili mkononi. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha amri akikubali kuuliza hivyo, huwa amekubali kurudi darasani, na mwalimu wake ni mtu ambaye hasomi.

Jambo hilo lilikuwa na gharama maradufu kwa mchungaji. Kanisa lake lilikuwa limewataka waumini waziache nyingi kati ya mila hizo, na hapa mtumishi wake alikuwa akiziandika kwa uangalifu, moja baada ya nyingine, ili zisipotee. Je, mtu huandika kitu kwa sababu anakiamini, au kwa sababu anaogopa kuwa kitakufa kabla hajakielewa? Kitabu cha mwaka 1938 hakitoi jibu. Kile cha mwaka 1978 kinalijaribu kwa jina lake tu. Richo ema kelo chira: dhambi ndiyo iletayo chira. Chira ni ule ugonjwa wa kukonda na kudhoofika unaosemekana kumpata aliyekiuka miiko ya jamaa yake, au hata mtoto wake asiye na hatia. Richo ni neno ambalo kanisa lililitwaa kwa maana ya dhambi. Katika sentensi yenye maneno manne, mzee ameyaweka pamoja mafundisho ya Gendia na mafundisho ya siwindhe, na neno "ema" linatilia mkazo: ni dhambi hasa, si kitu kingine. Kuna watakaosema kwamba huku ni kuisalimisha mila kwa kanisa. Na kuna watakaosema kwamba ni kanisa lililosalimishwa kwa mila. Inaelekea kuwa karibu zaidi na ukweli kusema kwamba mtu huyu alikuwa bado anasoma. Miaka 40 baada ya kuiorodhesha miiko, alikuwa bado anajiuliza inatenda kazi kwa njia gani.

Majuto ya historia ni kwamba neno hilo halikuachwa kwa wazee na wachungaji. Mwaka 1984 mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alitambuliwa nchini Kenya, na miaka iliyofuata ufuko wa Homa Bay na Migori ukawa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi. Watu walikonda, wakadhoofika, wakafa, na familia nyingi zikasema: ni chira. Ugomvi ukazuka makaburini juu ya mwiko gani ulivunjwa na nani. Mjane aliyekataa kurithiwa alilaumiwa. Kijana aliyejenga kabla ya kakake alilaumiwa. Kitabu cha mwaka 1938 kilikuwa kimechapishwa tena Kisumu, na kwa watu ambao hawakuwahi kulala katika siwindhe wala kuketi katika duol, ukurasa uliochapwa ulikuwa na nguvu ambayo bibi hakuwa nayo. Bibi angeweza kuulizwa: je, hakuna namna ya kulegeza? Naye, akijua hali ya huyo anayeuliza, angeweza kulegeza. Ukurasa haulegezi. Hili si kosa la mwandishi wake, ambaye hakuweza kujua ugonjwa gani unakuja. Lakini ni sehemu ya maisha ya kitabu, na uhakiki unaosimama kwenye fani na maudhui pekee, bila kufuata kitabu hadi jikoni na matangani, hautaiona.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wana mizani ya kuupimia uandishi wa namna hii, ila hawaitumii upande wa bara. Desturi za Wasuaheli, iliyotoka Ujerumani mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten, ambayo sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, husomwa kama hazina ya nathari ya Kiswahili, na ni haki. Hakuna anayeuliza kama maelezo ya mtoto anavyopewa jina ni fasihi. Mtoro alimwandikia mgeni. Mboya aliwaandikia wenyeji, akiwa katikati yao, nao walikuwa na uwezo wa kumjia barazani na kumwambia amekosea. Tofauti hiyo ingetosha kuwa mada ya tasnifu. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kuanzia idara ya forodha, na aliandika juu ya maisha yake na kazi yake kwa ukunjufu unaojulikana. Kwake ukarani huchukuliwa kuwa habari ya maisha ya mshairi. Kwa Mboya ukarani umechukuliwa kuwa sababu ya kutomsoma.

Na kitabu cha Kiswahili ndicho kisichosomwa kabisa, ingawa ndicho kingewahusu zaidi wasomaji wa jarida la namna hii. Inakubalika kwamba jina lake halivutii. Maneno "Local Government" yamekaa katikati ya Kiswahili kama mawe mtoni. Lakini mawe hayo yanasema kweli juu ya ofisi ya baraza katika miaka ya 1950, ambamo sheria ilifika kwa Kiingereza, mabishano yakaendeshwa kwa lugha za wenyeji, na Kiswahili kikawa daraja baina yao. Mwaka wa kwanza unaotajwa, 1926, unaangukia mwanzo wa mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa na serikali ya kikoloni katikati ya mwongo huo; mwaka wa mwisho uko karibu kabisa na mwaka wa kuchapwa. Aliyeandika ni mtu aliyekuwa ndani ya mambo anayoyasimulia kwa sehemu kubwa ya muda huo, kwanza kama chifu kisha kama katibu. Hiyo ni aina ya tawasifu, hata kama mwenyewe amejificha nyuma ya kumbukumbu za mikutano.

Kwa nini Kiswahili, wakati Dholuo kilikuwa kimemletea jina? Jibu linapatikana kwenye ramani. Wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, kisha Nyanza Kusini, haikuwa ya Waluo peke yao. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wagusii walikuwamo. Wakuria walikuwamo, kusini, kuelekea mpaka wa Tanganyika. Wasuba walikuwamo, visiwani Rusinga na Mfangano na katika milima ya Gwassi, lugha yao ya Kibantu ikiwa tayari inaachia nafasi Dholuo. Kusimulia mila za Waluo kwa Dholuo kulikuwa jambo la nyumbani. Kusimulia jinsi wilaya ilivyotawaliwa, barabara na shule zilivyogharimiwa kwa fedha za wote, kulihitaji lugha ambayo Mluo angeweza kuisoma bila kiburi na Mkuria bila uchungu. Hakuna haja ya kumfanya Mboya mtetezi wa Kiswahili; yamkini alikichagua kwa sababu ile ile iliyomfanya karani yeyote akichague, yaani kieleweke. Uchaguzi wa namna hiyo, usio na hotuba, ndio uliokieneza Kiswahili bara kuliko makongamano mengi.

Katika Kaunti ya Migori, kaskazini-magharibi mwa mji, kuna kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa na Unesco katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Zinakadiriwa kuwa za karne ya 16. Ni mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, kwa kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na yamesimama kwa jinsi yalivyoshikana tu. Waliokaa humo walibadilika kadiri karne zilivyopita, watu wa lugha za Kibantu na Waluo wakipokezana, na kila waliokuja walizitengeneza kuta walizozikuta badala ya kuzibomoa. Wataalamu wa mambo ya kale wamechoka kuulizwa ni za kabila gani. Wilaya aliyoiandika Paul Mboya ilikuwa na hali hiyo hiyo, nayo imekwisha kugawanywa: Kisii na Nyamira upande mmoja, Homa Bay na Migori upande mwingine, kila moja ikiwa kaunti yenye serikali yake tangu mwaka 2013.

Kitabu cha mwaka 1938 kilipata tafsiri ya Kiingereza mwaka 2001, na tangu hapo kimeingia katika orodha za wanaanthropolojia. Kitabu cha Kiswahili hakikuhitaji tafsiri ili kufika Kehancha. Mwalimu wa Kikuria wa mwaka 1959, akiwa na nakala yake mezani na taa ya mafuta kando, angeweza kusoma jinsi chifu wa Karachuonyo alivyouona utawala wa nchi yao wote wawili, akapiga mstari chini ya sentensi asizozikubali, na kuandika pembeni, kwa lugha ile ile, mambo yalivyokuwa upande wa kwao.